Nailoni Haikazwi

Watu wa hapa Chekalini wakikuambia kwamba Cleophas fundi ni mtu mgumu, usibishane nao. Ni kweli. Mtu ameshinda miaka kumi na minne mbele ya mashine ya kukereza chuma, akiamrishwa na Mzungu aliyepima kila kitu mara tatu na kusifu mara moja kwa mwaka, atakuwaje laini? Ila wasikuambie kwamba sikumpenda mke wangu. Hapo watakuwa wanatia chumvi, na nitakuja kuwauliza ni nani aliyewaambia.

Mzungu aliondoka mwaka mmoja baada ya uhuru. Shamba lake likakatwa vipande, na sisi tuliopewa vipande hivyo tukaitwa watu wa Skimu. Mimi nilipata kile chenye karakana, kwa sababu mashine ya kukereza ilikuwa nzito mno kwake kuihamisha na hapakuwa na mwingine aliyejua kuiendesha. Pampu nayo ilikuwa yangu kuitunza. Ilikaa chini mtoni, ikivutwa na injini ya dizeli kwa mkanda, na ilisukuma maji hadi kwenye tangi la kilimani ambalo zamani liliwanywesha ng'ombe wa Mzungu na kujaza bafu lake.

Mwaka wa 1965, katikati, bushi ya pampu ililika. Bushi ni kitu kidogo tu, kipande cha mviringo chenye tundu. Shafti, ule mti wa chuma unaoendesha pampu, hupita tunduni na kuzunguka humo. Ikilika, shafti hutikisika, inagonga-gonga, na mwishowe maji hayapandi. Ile ya kwetu ilikuwa ya shaba, na shaba ya kutengenezea nyingine niliitafuta hadi Eldoret nisiipate. Basi pampu ikazimwa, na wake zetu wakaanza kushuka mtoni na madebe.

Mideva, mke wangu, alikuwa na mimba ya miezi minane alipoteleza kwenye ile njia ya udongo mwekundu, debe likiwa kichwani. Mtoto alizaliwa siku hiyo hiyo. Alikuwa msichana. Aliishi hadi saa sita ya mchana uliofuata, na tulimzika nyuma ya jikoni kabla hatujakubaliana jina.

Siku ya tatu nilirudi karakana. Nyumbani sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nilipokuwa natoka, Mideva alikuwa amekaa mlangoni, maziwa yakilowesha blauzi yake, na hapakuwa na wa kuyanyonya. Nilisimama mbele yake, nikamwambia neno ambalo mchungaji alikuwa amelisema, na majirani wote, na hata wanawake wenzake: "Jikaze." Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka tulionana wapi.

Wiki iliyofuata alifunga vitu vyake akarudi kwao Maragoli. Aliniambia, "Siku maji itafika hapa kwa mlango, unijulishe. Ile njia mimi sishuki tena." Hakusema kwamba maji yakifika atarudi. Hilo nililiongeza mwenyewe kichwani, nikalishika kama mtu aliyeshika kamba kisimani.

Upweke wa mwanamume una aibu yake. Mwanamke akiachwa, wenzake humjia na maneno na mboga. Mwanamume akiachwa, watu humpitia mbali wakiulizana amefanya nini. Nilipika ugali mwingi kupita kiasi kila siku, kwa sababu mkono wangu haukujua kipimo cha mtu mmoja, na asubuhi kuku walikula kuliko mimi. Kuna wakati nilimaliza wiki nzima sijasema neno ila kwa injini, na maneno ya injini si ya kuandikwa hapa.

Januari akaja George. George alikuwa kijana aliyesomea kilimo Bukura, na alitumwa kwetu kutufundisha kupanda mahindi kwa mistari, kana kwamba babu zetu walikuwa wakiyatupa kwa kombeo. Lakini alikuwa na moyo mzuri. Alikuwa ameenda Kisumu, na alirudi amebeba kwapani gogo jeupe la mviringo, nene kama mkono wangu juu ya kiwiko, likifanana na mfupa uliochemshwa.

"Fundi, nimekuletea bushi," akasema. "Hii ni nailoni."

"Nailoni ni ya petikoti."

"Ni hiyo hiyo, lakini hii ni ya mashine. Gonga uone."

Nililiweka kwenye fuawe nikaligonga kwa nyundo ya ratili nne. Nyundo iliruka ikarudi, kidogo initoe meno. Gogo halikuwa na hata ufa. Nilipolinyanyua, uzito wake haukufika sehemu ya saba ya ule wa shaba.

"Haishikangi kutu," George akaendelea, sasa akiwa na furaha ya mwalimu. "Haitaki grisi. Shafti inatelezanga tu ndani yake, hata haiikwaruzi. Lakini soma hii karatasi kwanza, fundi. Iko na mambo ya maji na ya joto."

Alinipa karatasi iliyochapishwa kwa Kiingereza, maandishi madogo madogo upande mmoja. Nilimwambia nilikuwa nasoma chuma kabla yeye hajaota meno. Nikaikunja nikaiweka mfukoni.

Kuikereza nailoni kulinifurahisha, sitaficha. Chuma hutoa vipande vinavyorukia macho. Hii ilitoa utepe mmoja mrefu, mweupe, usiokatika, uliojikusanya sakafuni hadi ukafunika viatu vyangu. Nilijifunza mwenyewe kwamba kisu kikiwa butu inapata moto, na ukiipima ikiwa moto inakudanganya, kwa maana ikipoa inasinyaa. Basi nilingoja ipoe kila mara ndipo nipime. Nilijiona mjanja sana.

Sasa kuna nafasi ambayo fundi huiacha kati ya bushi na shafti ili shafti iweze kuzunguka. Sisi huiita mchezo. Shaba huiachii mchezo wa zaidi ya karatasi ya sigara. Mimi niliiachia nailoni huo huo wa shaba, tena nikaupunguza kidogo, kwa sababu nilitaka kazi ya sifa. Shafti iliingia kwa kusukumwa na kiganja, ikakaa kimya, haitikisiki. Nikasema moyoni, Mzungu angekuwepo leo angesifu, na mwaka haujafika nusu.

Pampu iliwaka. Injini ilinguruma kama kawaida yake, lakini ile kong', kong', kong' ya shafti niliyoizoea miaka yote haikuwepo tena. Nilitandaza bomba kutoka tangini hadi nyumbani kwangu, nikasimamisha mfereji hatua mbili kutoka mlangoni, pale pale alipokuwa amekaa. Nilipoufungua, ulikohoa, ukatema kutu, kisha maji yakaja safi. Nililia. Mtu mzima, peke yangu, nimeshika mfereji, nikalia hadi viatu vikalowa.

Jioni hiyo hiyo niliandika barua. Nyumba nzima haikuwa na karatasi. Nilikumbuka ile ya George mfukoni, upande wa nyuma ukiwa mtupu, nikaandika humo: *Mideva, nimepata nailoni. Maji yamefika mlangoni. Njoo. Ni mimi, Cleophas.* Niliisoma mara mbili nikaona haikosi kitu. Kesho yake niliituma.

Februari ikapita. Nilikuwa nikienda dukani kwenye sanduku la barua kila Jumanne na Ijumaa, nikijifanya nimekuja kununua chumvi. Nilikusanya chumvi ya kutosha kanisa zima. Wanawake wa Skimu walinishukuru kwa maji, wakaniita baba wa maji, na kila waliponishukuru nilizidi kuumia, kwa sababu mmoja niliyemtaka hakuwa kati yao. Niliteka maji mlangoni mwangu mwenyewe, nikayapikia mwenyewe, nikayaoga mwenyewe. Ukimya wa ile pampu ukaanza kunikera. Zamani nikiwa nyumbani nilisikia shafti ikigonga nikajua kuna kitu hai huko chini. Sasa hata hiyo ilikuwa imeniacha.

Mwisho wa Machi mvua zilianza, zile za kwetu zinazotanguliwa na radi kila alasiri. Asubuhi moja niliwasha pampu, na haikuchukua muda mkanda ukaanza kulia. Kisha nikasikia harufu, kama manyoya ya kuku yanapochomwa. Nikazima injini. Shafti ilikuwa imeshikwa barabara. Hata kwa spana na uzito wangu wote haikuzunguka. Ilinibidi niipasue bushi ubavuni kwa patasi ndipo itoke. Ndani, palipokuwa na tundu langu la sifa, nailoni ilikuwa imeyeyuka na kushika chuma kama mafuta ya nyama yaliyoganda kwenye sufuria.

George alikuja, akachuchumaa, akageuza kile kipande mkononi.

"Fundi, uliiachia mchezo kiasi gani?"

"Kama wa shaba."

Hakucheka. Ni kijana mwenye adabu.

"Hii kitu inakunywanga maji," akasema. "Polepole, wiki kwa wiki. Ikikunywa, inafura. Na kwa nje imeshikwa na chuma, haina pa kwenda. Inafura kwa ndani, inafinya shafti. Ikifinya, inapata moto. Shaba ikipata moto inapitisha, moto unaenda zake. Nailoni haipitishi. Inaweka yote ndani, mpaka inalainika. Uliikaza sana, fundi. Nailoni haikazwi. Unailoweka kwanza ikunywe ishibe, ndiyo unaipima, na bado unaiachia nafasi."

"Ulitakiwa kuniambia."

"Si iko kwa karatasi? Karatasi iko wapi?"

"Iko Maragoli," nikasema.

Usiku nisingalilala hata kwa dawa. Asubuhi nilitia ile bushi iliyoungua mfukoni mwa koti, nikapanda basi. Sijui kwa nini niliichukua. Labda mtu aliyezoea kupeleka kazi iliyoharibika kwa mwenyewe hawezi kwenda mikono mitupu. Mjini Kakamega nilingoja basi la pili kwa muda wa saa tatu, nikanywa chai katika hoteli moja karibu na soko huku mvua ikipiga mabati. Mhudumu aliniuliza kama namngoja mtu. Nilimwambia ndiyo. Ulikuwa uongo, lakini sikutaka aondoe kile kiti kingine.

Kwa wakwe zangu nilipokewa na Sylvanus, kaka yake Mideva, mwalimu wa shule ya msingi. Alinisalimu, "Mirembe, shemeji," akanipa kiti cha ukumbini, akakunja mikono kama mwalimu anayengoja darasa litulie. Mama mkwe hakutoka, kama desturi yetu inavyotaka. Mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Lakini sauti yake ilikuja kutoka jikoni ng'ambo ya ukuta, kubwa ya kutosha.

"Sylvanus! Muulize huyo mgeni, ile nailoni aliandika amepata iko wapi? Sisi tulifungua bahasha tukatikisa, hakukuanguka kitambaa. Mtoto wangu amezika mtoto wake, yeye anamwandikia mambo ya petikoti!"

Ningecheka kama ingekuwa siku nyingine. Mideva akaingia. Alikuwa amekonda, na nywele zake zilikuwa zimesukwa upya na mkono nisioujua. Alikaa kwenye kigoda mbele yangu. Mkononi alikuwa na barua yangu, imekunjwa na kukunjuliwa hadi mikunjo imekuwa laini kama kitambaa kweli.

"Upande wako ulikuwa mfupi," akasema. "Kwa hivyo nilisoma ule mwingine."

Akaigeuza. Kati ya mistari ya Kiingereza, Sylvanus alikuwa ameandika Kiswahili kwa penseli, kwa mwandiko wake wa ubaoni. Nilisoma: *Nailoni hunywa maji na kuvimba. Usiikaze kama shaba. Iloweke hadi iache kuvimba, ndipo uipime. Haipitishi joto upesi. Joto hubaki ndani yake. Iachie nafasi.*

"Nilimwambia Sylvanus anisomee kila siku kwa wiki mbili," Mideva akasema. "Nikasema, huyu mwanaume hajui kusema. Ametafuta karatasi ya kumsemea. Aliniambia nijikaze, sasa ameona makosa yake na ameshindwa kuandika kwa mkono wake, ametuma hii. Nikasema, nitangoja akuje aseme na mdomo. Nimengoja Februari. Nimengoja Machi."

Jikoni mwiko uliacha kugonga sufuria. Hata mama mkwe alikuwa anasikiliza.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipopimwa mimi. Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja, na ningerudi na mke wangu kwa basi la jioni. Lilikuwa tayari limefika ulimini. Lakini mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeshika ile bushi, na kingo zake zilizoyeyuka zilikuwa zinanikwaruza vidole. Niliitoa nikaiweka mkononi mwake.

"Sikuisoma," nikasema. "Nyumba haikuwa na karatasi nyingine. Niliikaza kama shaba, ikavimba, ikaungua. Maji hayafiki tena mlangoni. Hiyo ndiyo nailoni."

Aliigeuza, akapitisha kidole ndani ya tundu lililoyeyuka. Aliinusa. Nilidhani atanitupia usoni, na nisingeinama.

"Hukusoma," akasema.

"Sikusoma. Nilikuambia ujikaze kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nafura, Mideva, na sikujua pa kwenda. Mtoto alikuwa wangu pia. Nilienda karakana nikakereza kipande cha chuma kisicho na kazi yoyote hadi kikaisha."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Sikuwa nimeyapanga. Mideva aliinamisha kichwa, na machozi yake yakaangukia ile nailoni, na mimi, fundi mjinga, nikafikiri: sasa itakunywa na hayo. Sylvanus alisimama akaenda nje kuangalia ng'ombe ambao hakuwa nao.

Mideva alifuta macho, akauliza, "Ile ingine utailoweka siku ngapi?"

"George anasema wiki nyingi. Hadi ipimwe na ipimwe tena iwe haibadiliki."

"Basi na mimi usinipime bado."

Alisema bila hasira. Akanipa chai, akaniletea obusuma, ugali wa kwao, na mboga, akakaa pale nilipokuwa nakula, hakunyanyuka hadi nikamaliza. Nilipoaga niliomba ile karatasi, kwa ajili ya kazi. Akaikunja akaitia kifuani.

"Hii ni barua yangu," akasema. "Wewe, kariri."

Nilikariri. Nilirudi Chekalini peke yangu, viti vyote viwili vya nyumba yangu vikiwa pale nilipoviacha. Nilikata kipande kingine kutoka gogo la George, nikakikereza kikubwa kuliko kipimo, nikakizamisha kwenye pipa la maji nyuma ya jikoni. Pipa hilo liko karibu na pale tulipomlaza mtoto. Sikuwa nimekwenda upande huo tangu siku ile. Sasa ilinibidi niende kila Jumamosi kukitoa na kukipima, na mara ya tatu nilikaa. Nilimwambia mtoto jina nililokuwa nimemtakia. Lilikuwa Ayuma. Sikuwa nimelitamka kwa mtu.

Kila Jumamosi niliandika kipimo kwa chaki nyuma ya mlango. Kiliongezeka, kikaongezeka, kisha kikawa kinaongezeka kidogo tu. Wanawake walishuka mtoni wakinisema, nami nikawabebea madebe nilipoweza, kwa ile njia ya udongo mwekundu, nikajua kwa miguu yangu mwenyewe inavyoteleza. Sikujua. Miezi yote ile sikuwa nimejua.

Wiki ya saba ilikuja barua. Haikuwa mwandiko wa Sylvanus. Ilikuwa ya penseli, herufi kubwa zinazopanda na kushuka, za mtu aliyeacha shule darasa la tatu na ameamua kuandika mwenyewe. Swali lilikuwa moja: *Imeacha kuvimba?*

Nilikwenda pipani mbio kama kijana. Nilipangusa kile kipande, nikangoja, nikapima. Nikapima tena. Kilikuwa kimeongezeka unene wa nusu ya karatasi ya sigara. Ni kitu kidogo sana. Fundi mwingine angekiita si kitu, na mimi wa Januari ningekiita si kitu. Nilikirudisha majini.

Kisha nikaenda dukani, na safari hii sikununua chumvi. Nilinunua karatasi, mpya, tupu pande zote mbili. Nilikaa mlangoni, karibu na mfereji mkavu, nikaandika:

*Bado kidogo. Na wewe?*